Neno "sanamu" lisitufungie lango la bustani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nieleze jambo lililonigusa hivi karibuni, nikiamini kwamba litawahusu wasomaji wako walioko nyumbani na pia sisi tuliotawanyika nchi za mbali. Mimi ni Mkongo wa Fizi, Kivu Kusini, niliyekulia katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, na ni huko Kigoma nilikojifunza kusoma Kiswahili sanifu kwa msaada wa magazeti kama hili lako, ambayo yalitufikia yakiwa yameshapita mikono mingi. Sasa naishi Grand Rapids, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mji ambao Kiswahili husikika madukani, viwandani na makanisani kwa sababu familia nyingi za Kikongo zimepewa makazi hapa.

Jumamosi moja ya mwishoni mwa Oktoba nilimpeleka mama yangu mzazi, pamoja na binti yangu wa miaka tisa, kuitazama bustani ya Kijapani iliyo ndani ya Frederik Meijer Gardens & Sculpture Park, upande wa mashariki wa mji wetu. Nilikuwa nimemwalika pia mzee mmoja wa kanisa letu, mtu ninayemheshimu kama baba. Alifurahi na kukubali, mpaka aliposikia kwamba ndani ya bustani hiyo kumewekwa sanamu na kwamba mojawapo ni kichwa cha Budha. Akasema, kwa upole kabisa na bila kumlaumu mtu, kwamba yeye hawezi kwenda kutembea katikati ya sanamu, akatutakia safari njema. Siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Barua hii naiandika kwa ajili yake na kwa ajili ya wengi wenye mawazo kama yake, kwa maana jibu nililipata humo humo bustanini.

Mahali penyewe palifunguliwa kwa umma mwezi Aprili 1995, na jina lake linatokana na Frederik Meijer, mfanyabiashara wa maduka makubwa, ambaye yeye na mkewe Lena walitoa ardhi na mkusanyo wao wa sanamu ili watu wote wapate kuvitazama. Eneo lote ni ekari 158, lenye misitu, vinamasi, nyumba kubwa ya kioo inayohifadhi mimea ya nchi za joto, na kazi za wachongaji wa mataifa mengi zilizosimamishwa kwenye majani na chini ya miti. Watoto hukimbilia kwanza kumwona farasi wa shaba wa mchongaji Nina Akamu, aliyesimamishwa mwaka 1999, mwenye urefu wa futi 24 hivi, ambaye asili yake ni wazo la Leonardo da Vinci lililobaki bila kutimizwa kwa zaidi ya miaka 500. Binti yangu alipita chini ya tumbo la farasi huyo akiwa amenyoosha mkono juu, na bado akabaki mbali sana nalo. Nimemtaja Akamu kwa sababu ndiye pia aliyechonga korongo wawili walionaswa katika waya wa miba, walioko mjini Washington kwa kumbukumbu ya Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungiwa kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mtu aliyelelewa kambini hawezi kulipita jina lake bila kusimama kidogo.

Bustani ya Kijapani yenyewe, inayoitwa kwa majina ya Richard na Helen DeVos, ilifunguliwa Juni 2015. Ina ukubwa wa ekari 8, na aliyeibuni ni Hoichi Kurisu, fundi ambaye alisimamia bustani ya Kijapani ya Portland, Oregon, kuanzia mwaka 1968 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha akatengeneza ile ya Rockford katika jimbo la Illinois. Njia zake huzunguka bwawa, zikipita kando ya maporomoko ya maji, madaraja, nyumba ya chai, uwanja wa changarawe iliyochorwa mistari kwa reki, na miti midogo ya bonsai iliyotunzwa vyunguni. Hakuna mahali unapoweza kusimama ukaiona yote kwa mara moja. Kila kona huficha kitu na kufunua kingine, na mawe ya kukanyagia yamepangwa kwa namna inayomlazimu mtu kutazama miguu yake, kisha kusimama, kisha kuinua macho. Na pale anapoinua macho, ndipo fundi alipokusudia aone kitu.

Hapa naomba niseme neno kuhusu majira. Vitabu vingi vya Kiswahili huyaita majira haya vuli, lakini kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati ambao mkulima hupanda na nchi huanza kurudi kijani. Huku mambo ni kinyume chake, na wale waliobuni jina la mapukutiko walitusaidia zaidi, kwa kuwa ndicho kinachotokea: majani hugeuka manjano, machungwa na mekundu, halafu hupukutika yote. Mwaka wangu wa kwanza Michigan nilidhani miti ya mtaani imeshikwa na ugonjwa. Wajapani, kwa upande wao, wana desturi ya zamani ya kusafiri kwenda milimani na kwenye mahekalu ili kuyatazama majani ya mti wao wa momiji yanapoiva rangi, na safari hiyo huiita "kuwinda momiji". Jani la momiji ni dogo, limegawanyika kama vidole vya mtoto mchanga, na wekundu wake jua linapopenya hauna mfano wake katika maua yoyote niyajuayo. Pembeni yake husimama misonobari, ambayo haibadiliki, na chini hutandazwa kuvumwani, ule mmea laini kama zulia unaoota penye kivuli na unyevu. Jani jekundu likianguka juu ya kijani hicho huonekana kana kwamba limewekwa hapo kwa mkono.

Mama aliyatazama majani hayo kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini hayajafagiwa. Swali lake lilikuwa la haki. Yeye ni mwanamke aliyeamka kabla ya jua kila siku ya maisha yake kufagia uwanja, hata pale kambini, ambako uwanja wetu haukuzidi hatua sita. Nikamsimulia kisa ambacho Wajapani husimulia kumhusu Sen no Rikyū, mwalimu mkuu wa karne ya 16 wa desturi yao ya kuandalia wageni chai. Mwanawe aliagizwa kusafisha njia ya bustani, akaifagia na kuifagia mpaka lisibaki jani hata moja, lakini baba akasema kazi haijaisha. Akaenda mwenyewe akautikisa mti, majani machache mekundu yakaanguka juu ya njia safi. Mama alicheka, akasema kwamba mtu huyo hakuwahi kufagia chini ya mwembe. Lakini tulipoendelea na safari yetu niliona kwamba anaikwepesha miguu yake isiyakanyage majani yaliyoanguka juu ya mawe.

Jambo la mawe ndilo lililoanza kunifungua macho kuhusu sanamu. Katika bustani ya Kijapani jiwe si pambo la kujazia nafasi. Kitabu cha Kijapani cha karne ya 11 kuhusu utengenezaji wa bustani huitaja kazi hiyo yote kwa maneno "kusimamisha mawe", na humwagiza fundi alisikilize jiwe la kwanza linataka nini kabla hajaweka la pili. Majabali yaliyo kando ya maporomoko yale, mengine makubwa kuliko gari, yalichaguliwa na kuzamishwa ardhini kwa kina, ili yaonekane kwamba yalikuwapo kabla ya kila kitu. Baada ya kutembea saa nzima kati ya mawe yaliyowekwa kwa makini kiasi hicho, macho huzoea kuuliza: hiki kimewekwa hapa kwa nini, kinatazama wapi, kinaacha nafasi gani kando yake? Tulipoifikia sanamu, tuliifikia tukiwa na macho ya namna hiyo.

Wapo wajuzi wa bustani wasiopenda kazi za wachongaji wa kisasa ziwekwe mahali kama hapa, na hoja yao naielewa. Bustani za zamani za Japani zilikuwa na kandili za mawe, ambazo zilitoka kwenye mahekalu na kuingizwa katika bustani za chai, pamoja na mabeseni ya mawe ya kunawia mikono, lakini hazikuwa ukumbi wa maonyesho, na jina la msanii halikubandikwa kando ya njia. Sanamu nyingi zingeua ukimya ambao fundi ametumia kila jiwe kuujenga. Kwa maoni yangu, Meijer Gardens wameiepuka hatari hiyo kwa sababu sanamu walizoziweka humo ni chache na zimetengana, moja haionekani kutoka kwenye nyingine, kiasi kwamba mtu anaweza kutembea muda mrefu na kusahau kuwa zipo. Kazi ya mchongaji Anish Kapoor, kwa mfano, tulikuwa karibu kuipita.

Kichwa cha Budha hakuna awezaye kukipita. Kiko chini, ardhini, bila kiwiliwili, kikubwa kumshinda mtu, nacho kimetengenezwa kwa mabamba ya shaba nyekundu yaliyofuliwa kwa nyundo na kuunganishwa. Shaba ikikaa nje mvuani hubadilika rangi kidogo kidogo, na siku ile, katikati ya majani yale, haikuwa rahisi kusema rangi ya shaba inaishia wapi na ya majani inaanzia wapi. Sisi Wakongo shaba tunaijua. Tulikuwa na jimbo zima lililoitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, kabla halijarudishiwa jina la Katanga. Mama aliigusa kwa macho tu, kama anavyogusa kitambaa kizuri sokoni asichokusudia kukinunua. Binti yangu ndiye aliyeuliza, "Mwili wake uko wapi?"

Aliyeitengeneza kazi hiyo, iitwayo "Long Island Buddha", ni Zhang Huan, Mchina aliyezaliwa mwaka 1965 katika mkoa wa Henan. Aliishi New York kwa miaka kadhaa, akarudi China, na mwaka 2005 alisafiri mpaka Tibet. Huko alikuta vikiuzwa vipande vya sanamu za kale zilizovunjwa katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni ya China, kati ya 1966 na 1976, wakati vijana walipochochewa kubomoa mahekalu na kuharibu vya kale: huku kidole, kule mguu, pengine kichwa. Alinunua vipande hivyo, na kutokana navyo akaanza kutengeneza viungo vikubwa vya shaba, mkono peke yake, mguu peke yake, kichwa peke yake. Kwa hiyo kilichowekwa katika bustani ile ni kumbukumbu ya kitu kilichovunjwa, na aliyekitengeneza hakukusudia mtu apige magoti mbele yake.

Nilimweleza mama hayo yote kwa Kibembe, kwa kuwa mambo mazito huyaelewa vizuri zaidi kwa lugha hiyo. Alinyamaza. Halafu akanisimulia kitu ambacho hakuwahi kunisimulia katika miaka yote ya Nyarugusu wala ya hapa Marekani: kwamba mara moja, kabla hatujavuka ziwa, alirudi kijijini kwetu usiku kutafuta chakula, akaukuta mlango wa nyumba yetu umelala katikati ya uwanja, mzima kabisa, na bawaba zake, lakini nyumba haikuwapo. Alisema mlango ule ulionekana mkubwa kuliko ulivyokuwa ukutani. Tulikaa kwenye benchi, na mjukuu wake akamshika mkono bila kuuliza lolote zaidi.

Sasa nirudi kwa mzee wetu na kwa neno lenyewe. Katika Kiswahili "sanamu" hubeba mambo mengi kwa wakati mmoja: mwanasesere wa dukani, mnara wa shujaa, kazi ya msanii, na mungu wa uongo. Lugha nyingine zimeyagawa mambo hayo katika maneno mbalimbali. Sisi tumeyaweka katika kapu moja, na Biblia yetu ilipotafsiriwa, amri ikasomeka "Usijifanyie sanamu ya kuchonga". Mtu aliyeikariri amri hiyo tangu utotoni, akisikia kwamba mji wake una bustani ya sanamu, moyo wake husita, na kusita huko ni kwa uaminifu. Sipendi kulifanyia mzaha jambo hilo. Mimi mwenyewe ni mwimbaji wa kwaya na amri hiyo naishika.

Lakini Kitabu hicho hicho kinatuambia kwamba Mungu aliagiza makerubi wawili wa dhahabu wawekwe juu ya sanduku la agano. Kwamba Musa aliagizwa kutengeneza nyoka wa shaba jangwani ili walioumwa wamtazame wapone. Na kwamba Sulemani alimwita Hiramu wa Tiro, mfua shaba, mwana wa mjane, aje azipambe nguzo za Hekalu kwa makomamanga na mayungi, vyote vya shaba. Ile ilikuwa bustani nzima iliyochongwa kwa madini. Ni kweli pia kwamba nyoka yule wa Musa alikuja kuvunjwa na mfalme Hezekia, na tumeelezwa sababu yake: wana wa Israeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Miaka yote kabla ya hapo shaba ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni watu na uvumba wao. Katika bustani ya Grand Rapids sikuona uvumba, wala sadaka, wala mtu aliyeinama, isipokuwa bibi mmoja wa Kizungu aliyeinama kuokota jani.

Nina sababu nyingine ya kulisema hili, nayo inatuhusu sisi wenyewe. Wabembe, kama ndugu zetu Walega, walikuwa na chama cha Bwami, ambacho wazee wake walitumia vinyago vidogo vya mti na vya pembe kuwafundisha watu methali na mwenendo mwema. Kinyago kilitolewa kikapuni wakati wake, kikasemewa maneno yake, kikaeleweka, kikarudishwa. Hakikuabudiwa, kilisomwa. Utawala wa Kibelgiji ulikipiga marufuku chama hicho, wahubiri wengi wakaviita vinyago vyake miungu, na leo anayetaka kuviona kwa wingi hana budi kwenda kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Babu yangu mzaa mama alikuwa na cheo katika Bwami, na kati ya vitu vyake vyote hakuna hata kimoja ambacho mimi nimekiona kwa macho yangu. Nilipokuwa nimesimama mbele ya kichwa kile cha shaba, nikijua jinsi sanamu za Tibet zilivyovunjwa na watu walioambiwa kwamba wanafanya jambo jema, nilimfikiria yeye na kikapu chake.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu kwa wasomaji wenzangu walioko Michigan ni kwamba twende. Nafahamu visingizio vyetu, kwa kuwa nimevitumia mwenyewe kwa miaka minne: zamu za usiku kiwandani, kiingilio, na wazo kwamba mahali kama pale ni pa watu wengine. Kuhusu kiingilio, familia zenye kadi ya msaada wa chakula ya serikali hupata nafuu kubwa, na ni vyema kila mmoja aulize kabla ya kulipa. Kuhusu zamu, saa mbili zinatosha kama mtu hana haraka ndani ya saa hizo. Na wale wanaojua kusoma maelezo ya Kiingereza wawasaidie wazee, tena wawaandikie kwa Kiswahili, kwa sababu mama asingeelewa swali la mjukuu wake kama asingeelezwa habari za Tibet. Mimi nimeanza kuandika kurasa chache za namna hiyo, kuhusu mawe, majani na sanamu tulizoziona, na nitafurahi kumpa yeyote atakayezihitaji kwa ajili ya kikundi chake au kanisa lake.

Kwako wewe, naomba gazeti lako liendelee kuandika habari za wachongaji, wa kwetu na wa mataifa mengine, kwa uzito ule ule unaowapa waimbaji na wachezaji wa mpira. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo, na panapopungua, mjadala wa kutafuta neno la sanamu isiyoabudiwa ungefaa sana kurasa zako.

Mama ameomba turudi. Mwaka huu majani huenda yakaisha kabla barua hii haijachapishwa, lakini bustani ile haifungwi wakati wa baridi, na nimeambiwa kwamba theluji ikishatanda, mawe na misonobari huonekana vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Gazeti likitoka nitalipeleka nyumbani kwa mzee wetu nimsomee mwenyewe, neno kwa neno, bila kumharakisha. Mama na binti yangu hukaa nyuma. Kiti cha mbele cha gari nimemwachia yeye.

Msomaji wako wa miaka mingi,
Grand Rapids, Michigan